Ukiikwepa benki, kazi yake inabaki mikononi mwako

Kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Chamazi, na upande wa pili wa jiji kuanzia Kibamba hadi Kiluvya, mapagale yamejipanga kando ya barabara za vumbi. Moja limekomea kwenye msingi, jingine limefika usawa wa linta, jingine limepauliwa likakosa bati mpaka mbao zimepinda. Anayepita kwa daladala anaweza kudhani wenyewe wamehama mji. Hawajahama. Ile ni akiba yao: mshahara wa mwalimu, faida ya mama wa genge, zamu ya kupokea kwenye mchezo, kiinua mgongo cha askari mstaafu. Imegeuzwa tofali kwa sababu tofali haliombwi na ndugu mwenye shida ya ghafla, na haliyeyuki mwisho wa mwezi.

Hii ndiyo njia kuu ya kugharimia nyumba Tanzania, wala si ya pembeni. Mikopo ya nyumba kutoka benki, ile ya kurejesha kwa miaka 15 au 20, bado iko chini ya asilimia 1 ya pato la taifa, ingawa Sheria ya Mikopo ya Nyumba ilipitishwa mwaka 2008 na kampuni ya TMRC ikaundwa 2010 mahususi kuzipatia benki fedha za muda mrefu. Kenya, yenye soko kubwa zaidi la fedha, ilifunga mwaka 2023 ikiwa na mikopo ya nyumba ipatayo 30,000 nchi nzima, kwa watu zaidi ya milioni 50. Nyumba zinajengwa kila siku Dar es Salaam na Nairobi. Zinajengwa kwa fedha nyingine.

Sababu haihitaji mchumi. Kwa miaka mingi riba ya mkopo wa nyumba Tanzania imekuwa kati ya asilimia 15 na 19. Chukua mkopo wa Sh60 milioni kwa riba ya asilimia 17, miaka 15. Rejesho la kila mwezi ni takriban Sh923,000, na mpaka unamaliza utakuwa umelipa Sh166 milioni. Ukiipangisha nyumba hiyo kwa Sh400,000 kwa mwezi, pango halifikii hata nusu ya rejesho. Mwenye mshahara wa kawaida anashindwa kabla hajajaza fomu.

Basi watu wamejitengenezea njia zao, na njia hizo zinastahili heshima kuliko zinavyopewa kwenye mikutano ya wataalamu. Ndizo zilizoijenga Dar es Salaam tunayoishi. Lakini kuna jambo moja ambalo wanaozisifu hulipita haraka. Benki inapokukopesha, nyuma ya ile riba kuna kazi inafanyika: inapekua hati, inatuma mthamini, inatoa fedha kwa hatua huku mtu wake akikagua ujenzi, na inadai rejesho bila kukuonea haya. Ukiikwepa riba, kazi hizo hazikwepeki. Lazima apatikane wa kuzifanya. Ukitazama mifano ya Afrika Mashariki, iliyosimama ni ile iliyompata mtu huyo, na mingi iliyoanguka ilianguka kwa kumkosa.

Bei ya kodi ya mbele

Tuanze na fedha iliyo karibu zaidi na mwenye nyumba: fedha ya mpangaji.

Ukitaka chumba au fremu Dar es Salaam, utaombwa kodi ya miezi sita, wakati mwingine ya mwaka. Kwa mpangaji huo ni mzigo. Kwa mwenye nyumba ni mtaji wa ujenzi usio na fomu wala dhamana. Fremu nyingi za Tandika, Manzese na Mbezi zimekamilika hivyo: mwenye kiwanja anasimamisha kuta na kupaua, mfanyabiashara anaweka sakafu, mlango wa chuma, umeme na rangi, kisha gharama zake zinakatwa kwenye pango mpaka ziishe. Wote wawili wanafaidika. Mmoja anapata fremu iliyokamilika, mwingine anapata mahali pa biashara bila kulipa kilemba kwa mpangaji anayeondoka.

Tatizo ni kwamba wengi huihesabu fedha hii kuwa ya bure. Tuseme fremu yako ina thamani ya Sh250,000 kwa mwezi. Unahitaji fedha za kuezeka, mpangaji anakuambia atakupa kodi ya miaka miwili leo, kwa sharti umfanyie Sh200,000. Unapokea Sh4.8 milioni taslimu badala ya Sh6 milioni zilizotawanyika katika miezi 24. Ukipiga hesabu ya riba iliyojificha humo, inakuja takriban asilimia 2 kwa mwezi, yaani asilimia 24 na ushee kwa mwaka. Umeikimbia benki ya asilimia 17, ukakopa kwa asilimia 24 na hukujua kuwa umekopa.

Sisemi usiichukue. Fedha ya haraka inayoezeka jengo kabla ya masika inaweza kuwa na thamani kuliko tofauti hiyo, hasa kama bila bati ukuta utalowa na kubomoka. Ninachosema ni kwamba uihesabu kwanza, na uiandike. Mkataba useme fremu itarudi lini kwenye pango kamili, nani anamiliki milango na vioo mpangaji akiondoka, na nini kitatokea ukifariki katikati ya ile miaka miwili. Warithi wengi wamegombana na wapangaji ambao kwa haki kabisa walikuwa wamebakiza miezi 18, ila hapakuwa na karatasi.

Pagale nalo lina bei yake. Tuseme umetumbukiza Sh30 milioni kwenye kuta zisizokaliwa kwa miaka minane. Fedha hizo hazikupi pango, na mvua inakula kazi uliyokwisha kuilipia. Wakati huohuo kulikuwa na mahali pengine pa kuziweka. Hatifungani za serikali za miaka 25 zilizotolewa mwaka 2021 zilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na UTT AMIS ina Mfuko wa Ukwasi ambao mtu anaweka kidogo kidogo na kutoa anapohitaji. Kwa mwenye nidhamu, kukusanya fedha huko miaka mitatu na kujenga kwa mkupuo kunaweza kumpa nyumba ya kupangisha mapema kuliko yule aliyenunua tofali mia kila mshahara. Asiye na nidhamu hiyo, tofali lina akili kuliko yeye, na aendelee nalo.

Ekari 30 za Chamazi

Miaka ya 2007 na 2008 maelfu ya wakazi wa Kurasini waliondolewa kupisha upanuzi wa bandari. Wenye nyumba walikuwa na kitu cha kufidiwa. Wapangaji hawakuwa nacho, na walikuwa wengi. Baadhi yao walikuwa kwenye vikundi vya kuweka akiba vya shirikisho la wakazi maskini wa mijini, vikisaidiwa na shirika la Centre for Community Initiatives. Badala ya kila mmoja kutafuta chumba kingine cha kupanga, walichanga, wakaunda ushirika wa nyumba, wakanunua ekari 30 Chamazi kwa Sh24 milioni.

Ukiigawanya bei hiyo kwa familia 300 hivi zilizolengwa, ni Sh80,000 kwa kila familia. Hakuna benki ambayo ingemkopesha mpangaji wa Kurasini fedha ya kununua kiwanja, na hakuna mpangaji mmoja ambaye angemshawishi mwenye shamba kukata kipande cha Sh80,000. Pamoja waliweza. Wakafyatua wenyewe matofali ya kufungamana, wakapanga nyumba ndogo ya kuanzia ambayo mtu anaiongezea chumba kadiri anavyopata, wakajadiliana na mamlaka za mipango miji kuhusu viwanja vidogo kuliko vya kawaida, na wakapata mkopo kutoka mfuko wa kimataifa wa mashirikisho ya aina yao.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi huishia, kwa sababu hadi hapa hadithi ni tamu. Kilichofuata kilikuwa kigumu zaidi. Chamazi ni mbali na Kurasini, na kibarua cha bandarini hakikuhama pamoja na mwenye nyumba. Marejesho yalisuasua na ujenzi ulikwenda polepole. Ushirika ulilazimika kufanya kazi ya benki, kumdai jirani ambaye mliondolewa naye siku moja, mnayemjua shida zake zote. Ni kazi chungu. Kununua ardhi pamoja kunahitaji mshikamano. Kudaiana kwa miaka kumi kunahitaji daftari, katiba ya chama na kamati yenye ujasiri wa kusema hapana.

Nauthamini mradi wa Chamazi kwa sababu ulionyesha mambo yote mawili kwa uwazi. Vikundi vya vicoba vinavyonunua mashamba Kigamboni, Mkuranga na Bagamoyo siku hizi vingejifunza mengi kama vingewatembelea wale wakazi kabla ya kukata viwanja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inavitaka vikundi hivyo visajiliwe, na wengi wameiona kama usumbufu. Lakini kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kumiliki ardhi kwa jina lake. Matokeo yake hati, au mara nyingi karatasi ya mauziano tu, inaandikwa jina la mwenyekiti. Siku mwenyekiti anapofariki, shamba la watu 40 linaingia kwenye mirathi ya mtu mmoja.

Usajili pekee nao hautoshi. Kenya ina vyama vya akiba na mikopo vinavyosifiwa bara zima, lakini mwaka 2025 ukaguzi wa kiuchunguzi wa muungano wa vyama hivyo, KUSCCO, uliweka wazi upotevu wa takriban Sh13.3 bilioni za Kenya. Chombo hicho kilikuwa na sheria, bodi, mikutano mikuu na hata mfuko wa nyumba. Kilichokosekana ni wanachama waliouliza kwa wakati: nani anakagua hesabu zetu, na huyo naye nani anamkagua?

Kiwanja chako, fedha zangu

Njia inayobadilisha sura ya Kariakoo kwa kasi ni ubia. Familia ina nyumba ya zamani ya vyumba sita kwenye kiwanja ambacho thamani yake imepanda kupita kiasi. Haina fedha za kujenga. Mwekezaji ana fedha, hana kiwanja. Wanakubaliana: yeye anajenga ghorofa, anakusanya mapato ya orofa kadhaa kwa miaka waliyoafikiana, familia inapata orofa zake au fungu la kodi, na baada ya muda jengo lote linarudi kwao.

Shirika la Nyumba la Taifa limetumia njia hiyohiyo kwa miongo. NHC iliundwa 1962, na mwaka 1990 ikaunganishwa na Msajili wa Majumba aliyekuwa akisimamia nyumba zilizotaifishwa kwa sheria ya 1971. Hivyo ikajikuta na viwanja vya thamani katikati ya miji na majengo yaliyochakaa juu yake. Mwaka 2022 ilizindua upya sera yake ya ubia ili wawekezaji binafsi waje na mitaji yao. Wazo ni zuri. Kukaa na nyumba ya orofa moja kwenye ardhi ya Kariakoo ni kuwanyima wananchi mapato.

Lakini ubia hauna benki inayotuma mkaguzi kabla ya kutoa fedha za orofa inayofuata. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Lilikuwa la ubia kati ya NHC na mwekezaji binafsi, na lilikuwa limepanda orofa zaidi ya zile zilizoruhusiwa kwenye kibali. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20 waliokuwa kwenye shughuli zao za Jumamosi. Kila orofa inayoongezwa ni mapato kwa anayejenga. Asiyelipwa ili amzuie atamzuia kwa nini?

Kwa hiyo familia inayoingia ubia imwajiri mhandisi wake, anayelipwa na familia, si anayeletwa na mwekezaji. Fedha ya kumlipa ni ndogo ukilinganisha na thamani ya kiwanja, na mkataba unaweza kumtaka mwekezaji aitoe mwanzoni kama sehemu ya mchango wake. Mkataba huohuo ueleze familia itaishi wapi na kwa fedha ya nani wakati wa ujenzi. Utaje tarehe ya kumaliza na adhabu ya kuchelewa. Uzuie hati kuwekwa rehani bila saini ya wenye kiwanja, kwani wapo wawekezaji ambao mtaji wao wote ni hati yako waliyoipeleka benki.

Kuna suala la nani hasa ni mwenye kiwanja. Nyumba nyingi za Kariakoo, Ilala na Magomeni ni za urithi. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama anaweza kusaini, lakini akisaini bila kuwashirikisha warithi, kesi itakuja, na mara nyingi itakuja jengo likiwa limefika orofa ya nne. Sheria ya Ndoa ya 1971 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zinamlinda pia mwenza: nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa yake. Binti aliyeolewa Tanga, kaka aliye Muscat, shangazi ambaye hamjazungumza naye kwa muda mrefu, wote watafutwe kabla ya kusaini. Inachosha. Mahakama inachosha zaidi.

Kisha, jengo likikamilika, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila sehemu ya ghorofa kuwa na hati yake. Familia isikubali kuambiwa orofa ya chini na ya kwanza ni zenu kwa maneno. Idai hati ya sehemu hizo.

Kipande cha jengo

Je, asiye na kiwanja wala kikundi, mwenye Sh500,000 tu? Kwa nadharia, mifuko ya uwekezaji wa milki iliundwa kwa ajili yake. Mfuko unakusanya fedha za wengi, unanunua maduka, ofisi au hosteli, na pango linagawiwa kwa wenye vipande. Kenya ilitunga kanuni za mifuko hii mwaka 2013, zikiutaka mfuko unaomiliki majengo ya kupangisha ugawe angalau asilimia 80 ya mapato yake halisi. Kazi za benki nilizozitaja zimegawanywa humo kisheria: mdhamini anashika mali, meneja anaamua cha kununua, mthamini anathamini, msimamizi wa majengo anakusanya kodi.

Mfuko wa kwanza, Fahari, uliingia Soko la Hisa la Nairobi Novemba 2015. Kipande kiliuzwa Sh20 za Kenya na zikakusanywa Sh3.6 bilioni, wakati lengo la juu lilikuwa Sh12.5 bilioni. Jengo lake kubwa ni Greenspan Mall, Donholm. Sokoni bei ya kipande iliporomoka mwaka hadi mwaka, ikafika chini ya Sh7, na mwishoni mwa 2023 wawekezaji wadogo walinunuliwa vipande vyao kwa Sh11. Februari 2024 mfuko ukaondoka kwenye soko kuu. Aliyenunua siku ya kwanza alipata gawio dogo kila mwaka na akarudishiwa zaidi kidogo ya nusu ya mtaji wake.

Wengi walihitimisha kwamba Wakenya hawapendi vipande vya majengo, wanapenda kushika ardhi kwa mikono. Mimi nasoma vingine. Mfuko uliokusanya chini ya theluthi ya lengo ulibeba gharama zote za uendeshaji juu ya majengo machache, na jengo la maduka likimkosa mpangaji mkubwa, kodi inayobaki haitoshi kuzibeba. Kasoro ilikuwa kwenye majengo na ukubwa wa mfuko, si kwenye tabia ya Mwafrika.

Uthibitisho uko Nairobi humohumo. Kampuni ya Acorn ilichagua kitu kimoja, hosteli za wanafunzi wa vyuo vikuu, chini ya majina ya Qwetu na Qejani. Mwaka 2019 ilikopa Sh4.3 bilioni za Kenya kwa hatifungani ya kijani, ya kwanza nchini humo, iliyodhaminiwa kwa sehemu na GuarantCo na kuorodheshwa Nairobi kisha London. Mwaka 2021 ikaanzisha mifuko miwili: mmoja unajenga, mwingine unanunua hosteli ikishajaa wanafunzi. Fedha ya mauzo inarudi kwenye mfuko wa kwanza kujenga nyingine. Muundo huu una akili sana, kwa sababu anayependa kodi ya uhakika habebeshwi hatari ya ujenzi, na anayeibeba hatari hiyo analipwa kwa kuibeba. Kasoro yake ni moja: kiwango cha kuingia, mamilioni ya shilingi za Kenya, kiliwafungia nje watu wadogo ambao mifuko hii ilisemwa ni yao.

Tanzania tuna kanuni za mifuko hii tangu 2011, na Watumishi Housing, iliyoanzishwa kujengea watumishi wa umma nyumba, ilipewa leseni ya kuendesha mfuko wa aina hiyo. Hata hivyo kipande cha jengo bado si kitu ambacho mwalimu wa Singida anaweza kukinunua kwa simu kama anavyonunua kipande cha UTT. Hapo Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ina deni kwa wananchi. Hosteli za Chuo Kikuu cha Dodoma, maghala ya bandari kavu, masoko ya halmashauri, vyote vina kodi ya kueleweka.

Wapo pia wasiotaka riba kwa sababu ya imani, na kwao Amana Bank, CRDB kupitia Al Barakah, na Gulf African Bank ya Kenya zina mikataba ya kumiliki kwa pamoja. Benki na mteja wananunua nyumba, mteja analipa pango kwa sehemu ya benki huku akiinunua kidogo kidogo mpaka yote iwe yake. Kenya ilipiga hatua zaidi mwaka 2023 kwa sukuk ya Linzi ya Sh3 bilioni kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Malipo ya mwezi hayatofautiani sana na ya mkopo wa kawaida, na mteja asiambiwe vinginevyo. Kinachobadilika ni uhusiano: benki ni mmiliki mwenzako, na mkataba unatakiwa useme wazi nani anabeba hasara nyumba ikiungua.

Baada ya rangi kukauka

Fedha hupewa vichwa vya habari, lakini nyumba nyingi za kupangisha zinapoteza thamani yake kwenye mambo madogo. Mita moja ya LUKU kwa wapangaji wanane, kila wiki ugomvi. Choo kimoja kilichojaa ambacho hakuna aliyetengewa kazi ya kumwita mtu wa kunyonya. Pango linakusanywa na mdogo wa mwenye nyumba, naye analigusa kabla halijafika.

Kuna watu wa Muscat, Leicester na Minneapolis wanaojenga nyumbani kwa picha za WhatsApp. Fedha inatumwa kwa ndugu, picha ya ukuta inarudi, na wakati mwingine ukuta wenyewe ni wa jirani. Suluhisho si kuacha kuwaamini ndugu. Ni kutenganisha kazi: mmoja anapokea fedha, mwingine asiye na undugu naye anapima kazi iliyofanyika, na malipo yanafuata kipimo. Fundi alipwe kwa hatua, si kwa siku.

Mwenye nyumba za kupangisha afungue akaunti ya benki ya jengo, tofauti na ya kwake, na kila mwezi aache humo sehemu ya kodi kwa ajili ya ukarabati. Ajue pia kodi za serikali. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Mwaka 2023 ilipandishwa kuwa Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh7,500 kwa kila orofa ya ghorofa. Anayenunua umeme ni mpangaji, mwenye deni ni mwenye nyumba, na haki ni kumrudishia mpangaji kwenye pango. Mpangaji wa biashara anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha TRA, na mwenye nyumba adai hati ya malipo hayo, la sivyo atalipa mara mbili.

Kwenye maghorofa ya hati za sehemu, hatari kubwa ni lifti. Wamiliki wakiacha kuchangia huduma za pamoja, lifti inasimama, wapangaji wa orofa za juu wanaondoka, na thamani ya sehemu zote inashuka, hata ya yule aliyelipa kila mwezi. Sheria ya 2008 inaunda chama cha wamiliki na kukipa nguvu ya kudai michango. Maghorofa mengi Upanga na Kariakoo hayakitumii chama hicho mpaka pampu ya maji inapoungua.

Yote haya yanaanzia kwenye karatasi moja. Mhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mwenyekiti alishuhudia mkiuziana. Hauthibitishi kwamba aliyeuza ndiye mwenye ardhi. Iwe unaingia ushirika, ubia, kununua kwa awamu kutoka kampuni ya upimaji, au kununua nyumba iliyo kwenye ramani tu, nenda kwanza ofisi ya Msajili wa Hati ukaombe upekuzi rasmi wa kiwanja hicho. Utajua jina la mmiliki, utajua kama kuna rehani au zuio la mahakama. Fanya hivyo kabla ya kumpa mtu yeyote hata shilingi moja, na ukiambiwa hakuna haja kwa sababu mnafahamiana, usinunue.